Karatasi Iliyomfukuza Tata Kasongo

Ilianza siku ya Jumatano, saa nane na robo ya mchana. Ninaijua saa kwa sababu niliiandika kwenye daftari langu jioni ile, na daftari bado ninalo. Tulikuwa tumekaa jikoni, mimi na mama yangu mdogo, Mama Georgine, niliyekuwa ninaishi kwake ili nisome Kolwezi. Katikati yetu kulikuwa na bukari, yaani ugali wa moto, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wadogo wa ndakala za kukaanga. Tata Kasongo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akasimama mlangoni na karatasi mkononi. Siku zote alikuwa anaingia bila kubisha. Siku hiyo alibaki nje ya kizingiti.

"Karibu, Tata," Mama Georgine akamwambia. "Bukari iko. Nawa, tukule."

"Mi siwezi kula na bantu benye banataka kunitosha mu nyumba yangu."

Mama Georgine alidhani habari hiyo ya kutoshwa, yaani kutolewa, ni mchezo, maana hao wawili walipenda kuchokozana. "Nani anakutosha? Na mwili wote huu, watakubeba na nini?"

"Weye njo unanitosha. Huissier ametoka kuniletea sasa hivi." Huissier ndiye mtu wa mahakama anayepeleka karatasi nyumba kwa nyumba. "Ona ukurasa ya mwisho. Asema Kasongo na bote benye kuikala naye batoke mu parsele, mu kiwanja yote. Bibi yangu, batoto, na mama yangu muzee mwenye hatembee tena. Bote."

"Mi niliomba ufunge shimo, Tata. Sikuomba mutu."

"Basi karatasi inajua kuomba kukupita."

Akaikunja mara nne, akaenda zake. Mama Georgine akanigeukia. "Leoni, weye njo unajua Kifaransa. Ni kweli karatasi inasema vile?" Nilikuwa na tonge mkononi. Nikasema sijui. Nilikuwa ninadanganya. Ukurasa ule niliujua mstari kwa mstari, kwa sababu niliupiga mimi kwenye kompyuta.

Sasa nina miaka kumi na tisa, na mambo haya ni ya nilipokuwa na kumi na sita. Nisingeyaandika kama nisingepita mbele ya mahakama mwezi uliopita na kukuta vibanda vyote vya kupiga karatasi vimeondolewa ili barabara ipanuliwe. Pale palipokuwa kibanda cha Tata Valentin, aliyekuwa amenipa kazi ya kupiga karatasi, palikuwa na udongo mwekundu uliosawazishwa na katapila, na mama mmoja alikuwa ameshaweka meza yake ya kikanda, kile chakula cha mizizi na karanga, juu yake. Nikamuuliza Tata Valentin alikwenda wapi. Akanijibu kwamba alipakia kompyuta yake kwenye gari la makaa, akaenda upande wa Mutshatsha, eti karibu na stesheni watu pia wanagombana. Nilisimama pale mpaka mama yule akaniuliza kama ninanunua au ninahesabu mchanga.

Kibanda kile kilikuwa na upana wa mikono yangu miwili iliyonyooshwa. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, mashine ya kutoa nakala, kiti kimoja kizima na kingine cha mguu uliofungwa kwa waya. Tata Valentin alikuwa Mukasai, mtu wa Kasai, aliyevaa tai hata siku ya joto kali, na alinichukua wakati wa likizo kwa sababu nilikuwa ninasoma biashara na nilijua kupiga kwa vidole kumi. Shule zilipofunguliwa nikaendelea kwenda kila alasiri, baada ya masomo na chakula cha mchana. Nilikuwa mtu wa aibu sana. Nyumbani hata kumwambia muuza mkate anipe ulioiva vizuri kulinishinda. Lakini pale kibandani hakuna aliyenitaka niseme. Watu waliingia, wakakaa, wakamweleza mwanasheria wao mambo mbele yangu kana kwamba mimi ni sehemu ya mashine, na mimi nikapiga. Nilijua nani anadai mbuzi, nani anakataa mtoto, nani alijenga choo kwenye mpaka wa mwenzake. Nilikuwa na hamu kubwa ya kujua, na sikuwahi kupata mahali pengine ambapo mtu anaweza kujua mengi hivyo bila kuuliza swali hata moja.

Kazi yetu ilikuwa na njia yake. Umeme ulikuwa unakuja na kwenda upendavyo, na jenereta ya Tata Valentin ilikuwa inakohoa. Kwa hiyo hakuna aliyeanza karatasi kwenye ukurasa mtupu. Ulifungua kesi ya mteja wa jana, ukaiambia kompyuta iondoe jina la jana kila mahali na kuweka la leo, halafu ukabadilisha hadithi katikati. Kichwa kinafanana, salamu kwa hakimu zinafanana, vifungu vya sheria vinafanana. "Mu hii avenue," Tata Valentin alipenda kusema, "bantu bote banavaa koti moja. Tunabadilishaka tu mutu wa ndani."

Na hadithi ya Mama Georgine ilikuwa hii. Katika mtaa wetu, upande wa kwenda Musonoi, watu walikuwa wamegundua kwamba hawana haja ya kwenda mbali kutafuta madini, yako chini ya vitanda vyao. Tata Kasongo alifunga turubai la bluu nyuma ya nyumba yake, akaita wachimbaji wanne, wakashuka. Shimo lilikuwa kwake, hilo hakuna aliyemkatalia. Lakini mshipa wa madini haujui ukuta wa jirani, nao waliufuata ulikokwenda, na ulikwenda chini ya jikoni yetu. Kwanza ulitokea ufa mwembamba juu ya mlango. Baadaye, saa za mchana, tukaanza kusikia nyundo zao chini ya miguu yetu, na maji kwenye sufuria yakawa yanatetemeka kabla ya kuchemka. Mama Georgine alikwenda kumwambia jirani yake mara tatu, mara ya tatu na chifu wa mtaa. Kila mara Tata Kasongo alikubali kila neno, na kesho yake nyundo zikaanza tena. Mvua zilikuwa karibu. Kila mtu alijua kinachotokea mvua zikiingia kwenye shimo kama hilo: nyumba inakaa chini kama mtu aliyechoka. Ndiyo maana alikwenda kwa mwanasheria, ambaye sisi sote tulimwita Maître tu, akamwambia kwa Kiswahili neno moja: wafunge shimo lililo chini ya jikoni yangu.

Maître alinisomea maneno kibandani, amesimama, kwa sababu siku hiyo alikuwa na kesi tatu. Kesi niliyokuwa nimeifungua ilikuwa ya mwenye nyumba mmoja aliyetaka mpangaji wake ahame. Nikabadilisha majina, nikabadilisha hadithi, nikafika karibu na mwisho, na umeme ukakatika. Tulipowasha jenereta, Maître alikuwa ameshika saa yake mkononi. Nikatoa karatasi kwenye mashine, akatia sahihi, akaenda nayo ofisini kwake, na Mama Georgine akatia sahihi kule bila kujua nani aliipiga. Ukurasa wa mwisho sikuwa nimeugusa. Ulikuwa bado ni ukurasa wa mwenye nyumba yule, lakini kompyuta ilikuwa imeuvalisha majina yetu vizuri kabisa: Kasongo na wote wanaokaa naye waondoke.

Alhamisi, kesho yake baada ya Tata Kasongo kuja na karatasi, nilimwonyesha Tata Valentin nakala. Alisoma, akalegeza tai.

"Nani anajua ni weye?"

"Hakuna mutu."

"Bon. Basi tunajua babili. Ikitoka hapa, ba-avoka, Maître na benzake, bataenda kwa kibanda ya pembeni, na mi nitauza maandazi."

Lakini alikuwa mwalimu kwa asili yake, hakuweza kuacha nibaki bila kuelewa. Akachukua penseli, akapiga mstari juu ya ukurasa wa mwisho, pale panapoanza na maneno *Par ces motifs*, yaani kwa sababu hizo. "Ona. Kurasa za mbele, weye unasimulia. Unaweza kulia, unaweza kutukana kidogo. Juge, ule hakimu, anasoma kama ana nafasi. Lakini hapa njo unaomba, na juge hawezi kukupa kitu chenye hukuomba. Uombe kiti, hata kama anaona unasimama juu ya muguu moja yenye kuvunjika, atakupa kiti ao atakunyima kiti. Hawezi kukupa dawa."

"Na kama uliomba mubaya?"

"Unaleta karatasi ya pili. Unasema: ile ya kwanza nilikosea, naomba hii. Na mwenzako umupe nakala, asishituke. Lakini mbele, kabla juge hajasema amemaliza kusikia. Akisema amemaliza, mulango imefungwa."

Jambo hilo lilinishangaza kuliko yote niliyosoma mwaka ule shuleni. Nilikuwa ninadhani karatasi ya mahakama ni kama saruji, ikishakauka imekauka. Kumbe kulikuwa na muda katikati ambapo mtu mzima aliruhusiwa kusema mbele ya watu wote kwamba alichoomba sicho anachokitaka. Niliandika hayo kwenye daftari. Lakini kuandika kwenye daftari ni kitu kimoja, kusema ni kingine. Nilipofika nyumbani sikusema kitu, na Ijumaa sikusema kitu.

Jumamosi mchana Mama Georgine alikwenda sokoni, nami nilikuwa ninatwanga sombe. Nikapumzisha mchi ili nifunge kitambaa changu, na sauti zikatoka chini ya sakafu. Haikuwa mara ya kwanza. Wachimbaji walikuwa wanaongea sana, habari za mpira, za wake zao, za mmoja wao aliyekula samaki mbovu, na mimi nilikuwa ninasikiliza na kuandika siku na saa, kwa sababu ilikuwa kama redio ambayo hakuna mwingine aliyeijua. Lakini siku hiyo walikuwa wanapiga kwa haraka, na watu walikuwa wengi zaidi.

"Pole pole na weye, udongo inaniingia mu macho."

"Hakuna pole pole. Patron Kasongo asema tumalize hii upande yote mbele juge hajamutosha. Kama anatoka, atoke na bitu yake."

"Juu yetu kuko nini?"

"Jikoni ya ule mama mwenye kumushitaki. Hukusikia? Bako natwanga sombe."

"Weye, sasa umeniamushia njaa."

Wakacheka, nyundo zikaendelea. Nilibaki nimeshika mchi. Tangu Jumatano nilikuwa ninafikiri kosa langu limelala kwenye faili huko mahakamani, halimdhuru mtu kabla ya siku ya kesi. Kumbe lilikuwa limeshuka shimoni. Tata Kasongo alikuwa ameamini kwamba anaondoshwa, na mtu anayeondoshwa hana sababu ya kuchimba taratibu wala ya kuhurumia jiko la anayemwondosha. Ukurasa wangu ndio uliokuwa unatuchimba.

Mama Georgine aliporudi nilimwambia kabla hajatua kikapu, kwa sababu nilijua nikingoja atue, nitanyamaza tena. Nilimwambia yote, kesi ya mwenye nyumba, umeme, jenereta, na uongo wangu wa Jumatano. Nililia pia, lazima niseme. Yeye alitoa vitunguu kwenye kikapu kimoja kimoja.

"Kumbe nilitia sinyatire, sahihi yangu, ku maneno ya mutu mwingine," akasema mwishowe. "Na mi nilitia bila kuuliza. Tuko babili bapumbafu." Halafu akavuta kiti. "Leta nakala. Unisomee yote kwa Kiswahili. Kutoka jina yangu mpaka mwisho. Usiruke."

Hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kuiva kwa sombe. Nilisoma mstari, nikautafsiri, akasema ndiyo au hapana. Karatasi ilisema nyumba yake ni ya vyumba vitano. "Hapana, ni bine. Maître alihesabu choo?" Karatasi ilisema jirani alikuwa na chuki naye tangu zamani. "Chuki gani? Kasongo njo alinibebea mabati haya. Tosha hiyo." Karatasi ilizungumzia ufa tu, haikusema chochote kuhusu watu chini ya sakafu. Akaniuliza tulianza kuwasikia siku gani. Nikaenda kuleta daftari langu, nikafunika mistari mingine yote kwa kiganja, nikamsomea siku na saa. Hakuuliza nilichofunika. Mpaka leo ninamshukuru kwa hilo.

Jumatatu tulikwenda wote wawili kwa Maître. Hakukasirika hata kidogo, na hapo ndipo tulipopata taabu ambayo hatukuitazamia. Alisoma ukurasa wa mwisho, akatabasamu.

"Mama, tuache hii. Ni muzuri. Aogope kwanza. Mutu akiogopa kupoteza nyumba, kufunga shimo anaona ni kidogo."

"Ameogopa tayari, Maître. Juu ya ile woga njo anachimba kama panya."

"Tukibadilisha, juge atasema hatujui chenye tunatafuta."

"Mi najua. Tangu siku ya kwanza nilikuambia. Unataka nirudilie?"

Maître akatazama dari. Akaniambia nichukue kalamu. Alinisomea karatasi ya pili, na safari hii, kila alipomaliza sentensi, Mama Georgine aliniambia, "Kwa Kiswahili," nami nikamweleza, na Maître akangoja kama mtu anayengoja treni. Kibandani niliipiga upya kuanzia ukurasa mtupu. Tata Valentin aliniona, akasikia jenereta inavyokula, akaenda kuongeza mafuta. Mwishoni tuliomba mambo mawili: njia iliyo chini ya nyumba ya Mama Georgine ijazwe, na mtu yeyote asichimbe tena kuvuka mstari wa ukuta. Juu yake Maître aliandika kwamba ombi la kwanza liliwekwa kwa makosa ya uchapaji. Hakuandika makosa ya nani. Karani wa mahakama akagonga muhuri Jumanne, na Jumatano huissier akapeleka nakala kwa Tata Kasongo. Mchana ule nilikaa jikoni nikisikiliza. Nyundo zilipungua. Nikamsikia mmoja anasema, "Patron asema hakuna tena haraka." Mwingine akajibu, "Na mi nilianza kuzoea."

Siku ya kesi chumba kilijaa. Nilikaa benchi la nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo. Hakimu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alianza kwa Kifaransa, lakini alipoona Tata Kasongo amekuja bila mwanasheria, akaweka miwani juu ya nywele na kusema Kiswahili.

"Mama, niko na karatasi mbili. Moja inaomba Tata atoke. Moja inaomba afunge shimo. Nijibie gani?"

"Ya pili, Mama Juge."

"Na ya kwanza?"

"Muitupe. Si yangu ile."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. "Haitupwe hapa. Unasema tu unaiacha. Unaiacha?"

"Naiacha."

"Tata Kasongo, ulipata nakala ya pili? Unapinga?"

Tata Kasongo akasimama, akafikiri. "Ya kwanza napinga sana. Hii ya pili..." akamwangalia Mama Georgine, "napinga kidogo."

"Kidogo ya namna gani?"

"Banipe muda, mbele mvua haijaingia. Shimo si kikombe."

Hakimu akaandika. Akamuuliza kila mmoja kama ana lingine la kuongeza, akangoja kweli, si kwa kujifanya, halafu akasema amemaliza kusikia. Nilifikiria mlango wa Tata Valentin ukifungwa. Nilikuwa nimekumbatia daftari hadi likapinda.

Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye, siku ya Jumatatu saa tisa mchana, na ilikubali mambo yote mawili, neno kwa neno kama tulivyoyaomba. Tata Kasongo aliitikia kwa kichwa. Tulipotoka nje alipita karibu na Mama Georgine, akasema, "Kesho naanza kujaza," naye akajibu, "Aksanti." Ndivyo tu. Mtaani watu walikuwa bado wanasimulia habari za yule mama aliyetaka kumtupa barabarani bibi kizee asiyetembea, na kwenye bomba la maji wanawake walikuwa bado wananyamaza Mama Georgine akifika. Hukumu haikugusa hilo. Hatukuwa tumeliomba.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikavaa sare ya shule, nikaenda kugonga geti la Tata Kasongo. Nilikuwa sijawahi kugonga pale peke yangu. Mke wake alikuwa anafagia, mama yake mzee amekaa juani kwenye kiti cha plastiki, na wanaume wawili walikuwa wanajaza udongo kwenye mifuko. Tata Kasongo akatoka chini ya turubai la bluu, magoti yake yote mekundu.

"Leoni. Mama yako amekutuma?"

"Hapana, Tata. Ni mi nimekuja." Nilikuwa nimejifunza sentensi zangu njiani, zote zikanitoka. "Ile ukurasa ya kwanza, ya kusema mutoke. Mama Georgine hakuiomba. Ni mi niliipiga ku mashini, nikasahau kuibadilisha. Nataka mujue. Bote."

Mke wake akaacha kufagia. Bibi kizee akaweka mkono nyuma ya sikio, akauliza mtoto amesema nini, na mke wa Tata Kasongo akamrudia maneno yangu kwa sauti kubwa, kiasi kwamba hata waliokuwa wanachota maji upande wa pili wa barabara waligeuka. Tata Kasongo akanikaribia.

"Unajua nilichimba siku ngapi sababu ya ile ukurasa yako?"

"Tano," nikasema. "Nilibasikia."

Akapangusa mikono kwenye suruali. Akainama, akaokota beseni ya bati iliyokuwa karibu na lundo la udongo, akanipa.

"Basi shika."

Nilivua viatu vya shule na soksi, nikavipanga kando ya kiti cha bibi kizee ili visichafuke. Nilibeba beseni kumi na moja. Shuleni nilifika kipindi cha pili kimeshaanza, na mwalimu aliponiuliza nilikuwa wapi, nilisimama nikamweleza.